Faili la wasifu wa marehemu lilipotea, wataalamu wa msibani wakaamua dawa ni kupiga Windows

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya nimeyaona mwenyewe, nikiwa kwenye kiti cha plastiki na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mkononi. Sijaongeza chumvi. Chumvi waliiweka wahusika wenyewe, tena kwa kijiko kikubwa.

Mimi nafundisha kompyuta hapa Kahama, zile kozi za watu wazima: kuwasha, kuzima, Word, Excel, na kuacha kuiogopa mouse. Mama Kulwa ni jirani yangu na aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Alifiwa na baba yake mzazi, msiba ukawa nyumbani kwao Samuye. Nilifika mchana, siku moja kabla ya mazishi.

Nilitegemea kukuta kilio. Nikakuta kikao.

Ajenda ilikuwa moja: wasifu wa marehemu umepotea kwenye laptop.

Sasa mnazijua wasifu zetu. Marehemu wote nchi hii walikuwa wacheshi, wapenda watu na washauri wa vijana. Nimezika watu wengi, sijawahi kuzika mgomvi hata mmoja. Sijui wao huwa wanazikwa wapi.

Mzee huyu aliukataa utaratibu huo. Alipoona ugonjwa hauna mpango wa kuondoka, alimwita binti yake, akamwambia afungue laptop, akaanza kujisimulia mwenyewe. Mama Kulwa anachapa neno kwa neno. Mzee alisema hataki kusingiziwa wema siku ambayo hawezi kubisha.

Sehemu ya mwisho ilikuwa ya mkewe. Kuna jambo alishindwa kumwambia miaka yote ndani ya nyumba, akamwagiza binti amsomee mbele ya watu siku ya kuzika. Mama mwenyewe hakuwa na habari.

Nilimuuliza Mama Kulwa kwa nini asiandike upya. Akanivuta pembeni.

"Maana naikumbuka, Mwalimu. Maneno siyakumbuki. Nikibahatisha nitakuwa nimesema mimi, siyo baba."

Nikaweka sahani chini.

Wakuu, Tanzania hatuna uhaba wa wataalamu wa kompyuta. Tuna uhaba wa kompyuta tu. Pale msibani mmoja alisema ni virusi. Mwingine akasema betri. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama marehemu hakuwa na watu waliomwonea wivu.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu na mwenyekiti wa kamati, yeye alishamaliza kazi. Stationery moja ya mjini Shinyanga ilikuwa imemtumia kwenye simu wasifu uliokwisha kutumika, unabadilisha majina tu. Akatusomea: marehemu alikuwa mfanyabiashara maarufu wa madini na mpenzi mkubwa wa kwaya.

"Baba mdogo, baba hakuwahi kuimba," Mama Kulwa akasema.

"Kwani nani atamuuliza?"

Ndipo akasimama Injinia. Huyu ni binamu yake Mama Kulwa kutoka Geita. Cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, lakini huko machimboni kila laptop iliyokohoa imepita mikononi mwake. Aliitazama laptop ya Mama Kulwa kama daktari anayemtazama mgonjwa asiye na bima, akatoa hukumu: "Hii tunapiga Windows."

Kikao kikatikisa kichwa kukubali. Bila shaka.

Niwaeleweshe wageni wa jukwaa. Kupiga Windows ndiyo panadol ya nchi hii. Kompyuta nzito? Piga Windows. Haitoi sauti? Piga Windows. Tundu la chaji limelegea? Piga Windows, halafu tuone. Kwa lugha nyepesi ni kuondoa mfumo uliopo na kuweka mwingine, na mara nyingi na mafaili yako yanaondoka humo humo. Kwa hiyo sindano imepotea ndani ya nyumba, na fundi anashauri tuichome nyumba ili ionekane vizuri.

Injinia alikuwa ameshaanza maandalizi. Alikaa kwenye kona na laptop yake mwenyewe, anadownload Windows kwa hotspot ya simu. Mtandao wa pale unatembea kama mgonjwa anayejifunza kutembea upya. Siku hiyo kila mtu aliulaani. Kumbukeni hilo.

Nikaomba nami niangalie kidogo kabla ya operesheni.

"Ticha, wewe fundisha Excel," Injinia akaniambia. "Haya ni mambo ya system."

Nikamjibu kwamba sawa, mimi naangalia tu kama mgonjwa bado anapumua.

Sasa hapa mtulie, hata kama kompyuta mnaiogopa. Siyo ngumu.

Kompyuta ni mmbea. Kila faili unalofungua inaliweka kichwani. Ukiwa ndani ya Word, bonyeza File, halafu Open, halafu Recent. Utaona majina ya mafaili uliyoyafungua karibuni, la mwisho likiwa juu. Kama faili siyo la Word, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika recent, bonyeza Enter. Inakumwagia umbea wote.

Nilimwachia Mama Kulwa abonyeze mwenyewe. Jina la kwanza kabisa juu: WASIFU BABA MWISHO.

Akaubana mkono wangu. Akabonyeza.

Laptop ikajibu kwamba faili halipatikani.

"Si nilisema," Injinia akasema kutoka konani, bila hata kugeuka.

Wengi hukatia tamaa hapa, na hapa hapa ndipo pa kuendelea. Kinachokaa kwenye Recent siyo faili lenyewe, ni maelekezo ya lilipo. Ni kama kuambiwa fulani anakaa nyumba ile ya bati jekundu. Usipomkuta haina maana kwamba amekufa. Kwanza soma anwani.

Tukaisoma anwani iliyoandikwa chini ya jina. Ilianza na herufi E. Laptop ya Mama Kulwa ina C peke yake, nyingine haina. E ni mgeni, na mgeni huyo kwa kawaida ni flash.

Nikamuuliza taratibu, bila kumharakisha, mara ya mwisho flash aliitumia wapi. Ikamrudia. Alitaka kwenda kuprint, akahamishia faili kwenye flash kwa cut badala ya copy, kwa hiyo kwenye laptop hakikubaki kitu. Kufika stationery, umeme umekatika. Akarudi kwa baba, akafungua faili humo humo kwenye flash, akaongeza maneno ya baba kwa mama, akasave. Baada ya hapo msiba ukaingia.

"Flash yenyewe iko wapi?"

"Nyekundu. Niliiweka juu ya kabati, pale kwenye redio ya baba."

Nilianza kuinuka niende kwenye kabati. Sikufika. Baba mdogo alikuwa ameshanyoosha kidole konani.

Ubavuni mwa laptop ya Injinia kulichomekwa flash. Nyekundu.

Jamaa alihitaji flash ya kuwekea Windows, akaiokota kabatini. Alikuwa anasubiri download ifike mwisho abonyeze Start, na hapo flash inafutwa yote kabla ya kupokea mzigo mpya. Ilikuwa asilimia tisini na kitu.

"Nilidhani haina kitu, dada," akasema. Mkono aliutoa kwenye mouse kama amegusa sufuria la moto.

Tukaichomoa, tukaichomeka kwenye laptop ya Mama Kulwa. Faili likafunguka, kamili, mpaka nukta ya mwisho. Nikalinakili kwenye laptop, kwenye simu ya Mama Kulwa na kwenye email yangu. Nikaliweka pia kwenye laptop ya Injinia, awe mlinzi.

Kesho yake Mama Kulwa alisoma. Mzee alisema hivi: "Nilikwenda Geita kutafuta dhahabu, nikarudi na redio. Msiseme nilikuwa mfanyabiashara wa madini." Watu walicheka makaburini. Baba mdogo akawa anakagua viatu vyake.

Halafu Mama Kulwa akafika mwisho.

"Mke wangu, watoto hawa wamesomeshwa na mpunga wako. Mimi nilikuwa shimoni, nawaambia watu kwamba nasomesha. Wabeja."

Hiyo ni asante, kwa Kisukuma.

Yule mama mjane tangu nifike alikuwa hajasema zaidi ya kuitikia salamu. Akainua uso.

"Soma tena hapo."

Mama Kulwa akasoma tena.

Nilichojifunza, wakuu: kitu kikipotea kwenye kompyuta, usiguse chochote kipya mpaka umeuliza Recent na kusoma anwani yote. Chagua copy, cut waachie wauza nyama. Na flash usiyoijua ifungue kwanza uone ndani kuna nani.

Injinia ni mtu mwema, tunawasiliana. Kaniambia siku hizi, kabla ya kupiga Windows, anamuuliza mteja, "Recent umeangalia?" Halafu anapiga Windows.

Wenzangu mliowahi kuchomewa nyumba kwa ajili ya sindano, shusheni hapa chini. Na kama kuna faili unalitafuta sasa hivi, usione aibu kuuliza. Andika mara ya mwisho ulilifungulia wapi, tulifuate pamoja.