Nusu ya Mjomba

Mjomba wangu alikaribia kuuawa kwa sababu ya swali langu. Nimejaribu kuliandika jambo hili mara tatu, na kila mara najikuta nikijitetea. Leo naliandika kama lilivyokwenda.

Waasi walikuwa wameshika Uvira. Kule Kasenga shule ilikuwa imefungwa, na komisere wao wa siasa akaanza kutufundisha humo mchana, sisi tuliojua kusoma kidogo. Miye nilikuwa nimefika mwaka wa tano wa primeri tu. Alisema pamba ya Bwegera inavushwa bahari, inafumwa kwa Wazungu, inarudi kitambaa ambacho aliyeilima hawezi kukinunua. Alisema bendera tumeipata, lakini mashine zimebaki kwao, na mwenye mashine ndiye anayekula jasho la mwingine. Nilimwamini. Kusema haki, hata leo sijaona kosa katika maneno hayo. Baba yangu aliilima ile pamba kwa kulazimishwa.

Basi nikanyoosha mkono. Nikauliza: mtu mwenye wavu mmoja, anayechukua nusu ya ndagala, wale dagaa wa ziwani, huku wavuvi sita wakigawana nusu nyingine, yeye ni nani? Nilitaka kuelewa. Au nilitaka kuonekana nimeelewa, sijui.

"Huyo muntu iko wapi?" akauliza.

Darasa zima lilijua ni mjomba wangu. Juma lile lile karani mmoja wa tarafa alikuwa ameitwa bepari, akachukuliwa, na hakurudi.

Asubuhi yake komisere alikuja ufukweni na askari wawili, wavuvi wakishusha samaki. Mjomba alimwamkia, kisha akaendelea na kazi. Kwetu wavuvi ndio wanaomwaga ndagala mchangani, mafungu mawili. Mwenye wavu anawapa mgongo, mmoja wao anagusa fungu na kuuliza ni la nani, naye anajibu bila kugeuka. Hivyo hakuna anayeweza kulinenepesha fungu lake. Siku ile mjomba aliwapa mgongo wavuvi, na uso wake ukaelekea kwenye bunduki.

"Hii ya nani?"

"Ya kwenu," akasema.

Komisere akawauliza wavuvi kama mtu huyu anawanyonya. Ndipo mkubwa wa wapiga makasia, ambaye siku zote alimtania mjomba kuwa tumbo lake limenona kwa ndagala zao, akajibu kwamba nusu anachukua, ni kweli, na ni nyingi.

"Lakini wavu ukipasuka, weye utaushona? Ukimuchukua, utuachie basi mikono yake."

Askari mmoja akacheka. Komisere hakucheka, ila alifikiri. Nilimwona akifikiri, na lazima niliandike hilo. Akasema hata kampuni za pamba husema vivyo hivyo, kwamba bila wao mashine zitalala. Kisha akaamua: wavu ni wa komite yao kuanzia leo, na mtu huyu abaki kuushona.

Juma lililofuata komisere mwenyewe alikuja kupokea nusu ya komite. Wavuvi wakamwaga mafungu mawili, wakangoja. Hakuwapa mgongo. Alisimama akiyatazama, kisha akaonyesha lile kubwa kwa kidole. Alikuwa na watu wengi wa kulisha, na labda siku ile hakuelewa kwa nini mjomba aliwapa mgongo wavuvi. Nilikuwa karibu naye, ningeweza kumwambia. Nikanyamaza.

Mjomba alikuwa na sindano mkononi, wavu mapajani. Tangu siku ya bunduki hakuwa amesema nami neno.

"Mwipwa wangu," akasema bila kuinua macho, "kule darasani ulisema kweli. Mbona leo hauna swali?"