Biographie ya marehemu mwenye angali muzima

Leo nimeandikia marehemu biographie, historia ya maisha yake, na marehemu alikuwa anakunywa chai mbele yangu.

Toka nimalize université, njo kazi yangu ya kwanza ya kuandika.

Ni mzee mumoja wa hapa Butembo. Hataki batoto wake njo bamuandikie ile ya kusoma ku matanga. Eti batasema bongo, mambo ya uongo.

Donc nikaandika vile yeye alitaka: mupole, hajapandisha sauti hata siku moja, alikuwa anasaidia bibi yake ku jikoni.

Nikamusomea. Akalia.

Bibi yake alikuwa anasikiliza ku mulango. Akaniuliza polepole:

"Mutoto wangu, uyo baba anaishi wapi? Miye pia ninataka anioe."

Sasa munishauri: nisahihishe biographie, ao tungojee mzee ajisahihishe mwenyewe? Afya angali nayo.