Nilivyotaka kumwachisha mwanangu ziwa kwa kuogopa saratani, Kurui

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawapokea. Haya niliyaishi mwenyewe, sijatia hata punje ya chumvi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa nimeolewa Kurui, Kisarawe. Mwanangu wa kwanza, Zuberi, alikuwa na miezi mitatu. Maziwa yalinijaa mpaka gauni linalowa.

Lakini niliogopa. Mama yangu mzazi, kule kijijini kwetu Janga, alifariki kwa uvimbe wa titi. Msibani majirani walisema kunyonyesha watoto saba ndiko kulikomuua.

Nikaamini. Nikaanza kumpa Zuberi uji.

Siku ya kliniki muuguzi akauona uji shingoni mwa mtoto. Nikamweleza yote.

"Wee binti, umeigeuza habari! Kunyonyesha hakuleti saratani, kunapunguza hatari. Hakuifuti, kunaipunguza. Mnyonyeshe. Jembe endelea nalo, mazoezi nayo yanakinga; pombe achana nayo. Na ukigusa kivimbe, usingoje kikue."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Mikorosho ilikuwa imechanua, njia nzima inanukia kama chumba cha bibi harusi.

Kasheshe ikawa shamba la kijiji. Kila mtu na ngwe yake, kipande cha kulima mpaka ukimalize, na katibu anapita na daftari la mahudhurio. Mama mkwe akawa ananiletea mtoto, nami naweka jembe chini.

Siku ya tatu katibu akanisimamia.

"Mama Zuberi, hii ni saa ya kulima au ya kulisha?"

Mama mkwe akadakia: "Mwandike na huyu! Tangu asubuhi kazi yake ni kunyonya, hajapumzika. Wewe hata jembe hujashika!"

Shamba zima likaangua kicheko. Katibu naye akacheka mpaka kofia ikaanguka, kisha akaandika kweli: Zuberi, yupo.

Kuanzia hapo wanaonyonyesha tukapewa ngwe za kivulini.

Nilinyonyesha watoto watano. Leo nina wajukuu, bado nalima mchicha wangu, na hospitali naenda kupimwa pamoja na binti yangu, maana kwetu ugonjwa huu ulishamchukua mama. Juzi daktari kasema, "Bibi, uko salama." Nikapiga vigelegele mlemle chumbani!

Nilichojifunza: hofu ya msibani isikuamulie, muulize mtaalamu. Na uliyeshindwa kunyonyesha usijilaumu, mazoezi na vipimo bado ni vyako.

Zuberi ana mvi sasa, na anajisifu kwamba kwenye daftari lile la kijiji hakuna aliyeipenda kazi yake kama yeye.

Nyie kwenu mliambiwa nini? Mwageni hapa, nasoma zote.