Mke wa Mama

Mama alipooa, mimi nilikuwa nimeshachoka. Ilikuwa miaka ya foleni: sabuni foleni, sukari foleni, na mume wangu kiwandani Musoma alifanya kazi siku ambazo umeme na pamba vimeamua kupatana. Sikuwa na nguvu za kubishana na jirani, sembuse mama yangu mzazi.

Kwetu Butiama jambo hili halimshangazi mtu. Mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kumtolea binti ng'ombe wa mahari na kumleta nyumbani, na watoto atakaowazaa binti huyo na mwanamume wa kuchaguliwa wanakuwa watoto wa nyumba ile. Mama alizaa wasichana watupu. Baba alipofariki, shemeji zake wakaanza kupita shambani wakipima mipaka kwa macho. Basi akaoa. Ng'ombe aliowatoa ni walewale waliotolewa kwa ajili yangu, nilipofunga ndoa kanisani kwa shela na vigelegele.

Kanisa likamnyima komunyo. Mpaka amrudishe yule binti kwao, padre alisema. Mama aliyetufundisha ishara ya msalaba kabla hatujajua kufunga vifungo vya gauni, akawa anabaki kwenye benchi wenzake wakienda mbele.

Mimi nikageuzwa mjumbe. Padre ananituma kwa mama, mama ananirudisha kwa padre. Kila nilipopata lori nilitoka kwangu Mwisenge, pale Musoma, na furushi la dagaa wa soko la Mwigobero, nikafika Butiama vumbi mpaka kwenye kope, tukaanza upya. Mama nilimwambia sheria ya Kanisa ni sheria. Padre nilimwambia huyu ni mjane. Wote wawili walinisikiliza vizuri sana na hakuna aliyesogea. Nikirudi nyumbani nilisali nikisinzia nimepiga magoti, na sala ikawa fupi: Bwana, ongea nao mwenyewe, mimi basi.

Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, kiwanda kikapunguza watu, mume wangu akiwamo, na mimi nikaanza kuuza mitumba. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, hatembei bila kushikwa. Aliyemwogesha na kumchotea maji ni yule mke wake, ambaye sasa alikuwa na wavulana wawili. Aliniita wifi, kana kwamba tuliwahi kuwa na kaka. Mimi na dada zangu, wake wa ndoa takatifu, tulikuwa tukija na dagaa na ushauri.

Siku moja padre alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, juani. Yule mke wa mama akampa maji, akanywa yote. Kisha akarudia yaleyale.

"Mama, ukimrudisha tu, Jumapili hii unapokea."

"Baba, huyu ndiye ananiogeshaga. Ndiye ananipelekaga hata chooni. Nikimrudisha, utakuja wewe?"

Padre alitazama kikombe alichoshika. "Sheria siyo yangu, Mama," alisema. Uso wake ulikuwa umechoka kama wangu. Nilimhurumia, na kumhurumia kukanikasirisha, maana nilitaka walau mtu mmoja wa kumlaumu.

Nililala hukohuko mpaka Jumapili. Asubuhi nikapika uji wa ulezi, wa moto, nikamwekea mama na sukari ambayo sasa ilipatikana. Akausukuma pembeni. Nikadhani anaumwa, nikatoka nje kumuuliza mke wake.

"Haumwi, wifi," alisema, akiendelea kumsugua mtoto magoti. "Jumapili halagi kitu mpaka misa iishe. Tangu nimekuja hapa anafungaga."

Nilisimama pale uani na mwiko mkononi. Watu wa umri wake ndivyo walivyofundishwa: huli kitu kabla ya kumpokea Bwana. Lakini wao walikuwa wanaenda kupokea. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa barabarani nikipeleka maneno na kurudisha maneno, wala sikuwahi kulijua hili. Nikaingia ndani kwa hasira ambayo sikujua ni ya nani.

"Mama, unafunga ya nini? Si hupokei?"

Alikuwa ameketi kitandani akijifunga kitambaa cha kichwa, taratibu, kwa vidole visivyokunjika vizuri.

"Najua sipokei," alisema. "Wasiponiita, sawa. Lakini siku wakiniita, wanikute nimekula uji?"