Springi ya Fundi Sudi

Harufu ya grisi ya pikipiki hunichafua roho mpaka leo. Buyenzi, mtaa wa jiji la Buja tulikokulia, inanuka grisi hiyo asubuhi hadi jioni, na kwangu mimi ni harufu ya fundi Sudi, jirani yetu, mtu ambaye neno "sijui" halikuwahi kumtoka mdomoni. Kiangazi kile, nikiwa na miaka kumi na miwili, mulinee ya baba iliharibika. Ni ile mashine ndogo ya kukunjia uzi wa kuvulia samaki. Aliinunua imeshazeeka kutoka kwa mzungu wa mtaa wa Kinindo aliyekuwa akirudi kwao, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi wanawe, tena hakuficha. Ina mkono wa waya kama mshikio wa ndoo: unaufungua ili urushe ndoano, kisha ukizungusha hendeli unajifunga wenyewe. Sasa ukawa haujifungi, unaning'inia tu. Baba akampelekea Sudi.

Sudi alitoa springi iliyochoka, akatia ya kabureta ya pikipiki, basi! Ngumu hiyo, usiseme. Jumapili baba akarusha ndoano ziwani mbele ya wenzake, mkono ukajifunga ndoano ikiwa bado hewani, uzi ukakatika, na ndoano yake bora ya kuvulia sangala ikaenda zake. Watu wakacheka. Alipomrudia Sudi, mjinga yule hakupepesa hata jicho: "Mi nilitengeneza muzuri. Angalia kwako, kuna mutoto anachezea." Mtoto wa kuchokonoa vitu nyumbani alijulikana. Nilichapwa fimbo kwa kosa la mtu mzima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba baba hakuniuliza hata swali moja.

Nikasema, ala, kama nimeshachapwa, acha niiguse kweli mulinee hiyo. Ijumaa baba alipokwenda msikitini nikaifungua. Nikachomoa waya mmoja kwenye kebo kuukuu ya breki ya baiskeli, nikauzungusha kwenye msumari uwe springi, nikakata. Springi ya kwanza ikalegea, ya pili ikavunjika, ya tatu ikanichoma kidole hadi damu. Ya nne nikaipachika, nikazungusha hendeli: tak! Mkono ukajifunga vizuri. Jumapili baba akarudi na sangala wawili, uso unang'aa, na yule mkubwa akampa Sudi, eti kazi yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo! Nikashindwa kuvumilia, nikasema mbele yao wawili kwamba springi ile niliitengeneza mimi. "Sasa unaongeza na uongo," baba akanikemea. "Mutoto wa kike na mulinee, wapi na wapi?" Sudi akacheka, akaondoka na samaki wake.

Siku hizi baba ni mzee, anakaa kwangu, na Sudi alishafariki. Eti marehemu hasemwi, mimi namsema. Miaka yote hii nimebadilisha springi ile kimyakimya kila ilipochoka, nikingoja baba aulize mara moja tu nani anaitengeneza. Watoto wa leo wakirekebisha simu za wazazi wao wanasifiwa mpaka inakera. Mimi sikutaka sifa, nilitaka kuaminiwa. Juma lililopita mkono wa mulinee ukaanza tena kuning'inia. Baba akaugeuzageuza, akashusha pumzi: "Tangu Sudi afe, mu Buja yote apana mutu wa kutengeneza hii kitu." Springi mpya ilikuwa mkobani mwangu, nilikuwa nimeikunja tangu asubuhi. Nikamjibu, "Kweli, baba, hakuna," nikafunga mkoba, nikaenda kupika.