Mpangaji alibomoa ukuta akajenga tanuri la mkate: nilivyoirudisha nyumba yangu ya Kasulu bila kuezua bati

Wakuu, habari za humu ndani. Walionizidi umri, kama bado mpo, shikamooni. Wengine wote nawaitikia marahaba mapema, tusipoteze muda.

Juzi nimesoma humu uzi wa mwenye nyumba mmoja. Anawafundisha wenzake kwamba mpangaji akikushinda, ezua bati, mvua itakusaidia kumtoa. Watu wakamsifia sana.

Nilikereka. Ndiyo maana leo naandika.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, miaka ya sabini, Kasulu mjini. Majina ya watu nimebadilisha kwa sababu watoto wao wapo na tunasalimiana. Mengine sijaongeza chumvi. Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Iko hivi.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori. Tulijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, vyumba vya mbele na vya nyuma, na ua mkubwa. Matofali tulifyatua wenyewe. Mimi nilikuwa natoka kazini nakwenda kukanyaga udongo nikiwa na mimba.

Akaugua, akafariki. Nikabaki na watoto wawili na hiyo nyumba.

Kazi yangu ilikuwa mkunga msaidizi. Wakati ule watu wengi walikuwa wanavuka mpaka kutoka Burundi, na upande wa Kibondo walihitaji wahudumu. Nikahamishwa. Nikapewa chumba cha kazi pale Kibondo, nikaenda na watoto.

Nyumba ya Kasulu nikaamua kuipangisha.

Mpangaji akapatikana upesi. Tumwite Salumu, mtu wa Ujiji, mwokaji wa maandazi, mpole, mcha Mungu. Mkewe tumwite Mama Zuhura. Siku ya kuwakabidhi nilimwita balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Yosia. Tukazunguka chumba kwa chumba, sisi wanne. Hilo nililifanya kwa sababu tu marehemu alikuwa na tabia ya kuita mashahidi kwa kila kitu, hata akinunua mbuzi.

Lakini wakati wa kuagana Salumu akaniuliza, "Mama, kitu kikiharibika je?"

Nikamjibu, "Tengeneza, tutaelewana."

Basi. Hatukusema kingine. Wenye nyumba mliomo humu, hilo neno "tutaelewana" liogopeni.

Kodi alikuwa analipa vizuri. Alikuwa anampa dereva wa lori, ananiletea. Hilo lilinifanya nibweteke. Kibondo kazi ilikuwa nyingi, akina mama walikuwa wanafika wamechoka, wengine uchungu umewaanzia njiani. Kasulu sikwenda kwa muda mrefu.

Siku nilipokwenda nilipanda lori la maharage. Nikashuka asubuhi sokoni, natembea kwenda kwangu, nasikia harufu nzuri ya mkate. Nikakutana na mama mmoja jirani ameshika mikate kifuani, bado ya moto.

"Mkate wa wapi huo?" nikamwuliza.

"Ego, ndiyo mama, si wa nyumbani kwako huo!" akanijibu anacheka. Alidhani najua.

Wakuu, niliingia kwenye nyumba yangu sikuitambua.

Ukuta uliotenganisha vyumba viwili vya nyuma haukuwepo. Mahali pake palikuwa na tanuri kubwa la matofali, na bomba limetoboa bati kwenda juu. Mbao za dari nyeusi kama mkaa. Juu ya dirisha ufa umeanza kuteremka. Kile chumba ndicho alichofia mume wangu.

Nilikaa chini.

Salumu akaja anajifuta unga mikononi. Nikamwuliza ukuta uko wapi. Akasema, "Mama, si uliniambia nitengeneze? Nimeiendeleza nyumba. Mji mzima unakula hapa."

"Nilisema utengeneze kilichoharibika. Nani alikwambia ubomoe?"

Ndipo sura yake ikabadilika.

"Tusibishane, mama. Wewe unaishi Kibondo, una nyumba ya serikali. Nyumba mbili za nini? Siku hizi nyumba ni ya anayeitumia. Kupangisha ni unyonyaji. Ukinisumbua, tutakwenda kuulizana kwenye chama."

Vijana hamtaelewa neno hilo lilikuwa na uzito gani. Wakati ule kuitwa mnyonyaji hadharani lilikuwa jambo la kukukosesha usingizi. Mijini tulikuwa tunasikia nyumba za kupangisha za matajiri zimechukuliwa na serikali, na huku kwetu kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wengine waliamini kabisa kwamba ukiikuta nyumba ukaikalia, ni yako.

Mimi tajiri? Nilikuwa na jozi moja ya viatu, vya kazi.

Nikatoka pale. Nikaenda Heru Juu kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu, tumwite Filbert. Nikamweleza. Alikuwa anakula, akasukuma sahani.

"Niachie mimi," akasema.

Nikamwambia asifanye lolote, kesho yake tungekwenda kwa balozi. Akavuta sahani yake, akaendelea kula. Nikadhani amekubali.

Asubuhi naamka, naambiwa ameshaondoka na rafiki zake. Nikajua. Nikajifunga kanga, nikashuka kwenda mjini karibu nakimbia. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, baridi ile ya kwetu.

Nikamkuta yuko juu ya paa na nyundo. Kona ya bati imeshainuka. Watu wamejaa njiani wanashangilia. Salumu yuko chini na panga mkononi. Mlangoni amesimama Mama Zuhura, kitoto kichanga kifuani, hakijamaliza hata arobaini yake.

Ananitazama tu.

Nikapaza sauti, "Shemeji, shuka!"

"Nishuke vipi? Hii ni nyumba ya kaka yangu!"

"Ndiyo sababu nakwambia shuka. Ukitoa bati moja, mbele ya hakimu mshitakiwa nitakuwa mimi, na huyu ndiye atakuwa ameonewa."

"Wewe mwanamke una woga."

"Sina woga. Nataka nyumba nzima, sitaki gofu. Lipigilie hilo bati, ushuke."

Watu wakaguna. Walitaka sinema. Filbert alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, lakini alilipigilia lile bati, akashuka, akapita bila kunisalimia. Hatukuongea kwa muda mrefu baada ya hapo.

Nami nikamgeukia Salumu. "Weka panga ndani. Mimi na wewe tutaongea mbele ya watu, na hapa nitaondoka na nyumba yangu."

Tukaanza kwa Mzee Yosia. Akatukalisha, akamweleza Salumu kwa upole kwamba yeye mwenyewe alikuwepo siku ya makabidhiano. Salumu akakataa. Akasema balozi ni rafiki wa marehemu.

Nikafungua shauri Mahakama ya Mwanzo.

Nilikuwa naomba ruhusa kazini, napanda malori, nafika mahakamani nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mara hakimu hayupo, mara mshauri mmoja wa mahakama anaumwa, narudi Kibondo mikono mitupu. Mganga mkuu wangu akaniambia, "Dada, iache hiyo nyumba, utapoteza kazi." Nikamwambia kazi yake nitaifanya hata usiku, lakini nyumba siiachi.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Hakimu kati, washauri wawili pembeni. Salumu akaeleza maendeleo aliyoleta, akarudia neno lake la unyonyaji.

Hakimu akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulipobomoa ukuta ulimwomba nani ruhusa?"

"Aliniambia nitengeneze."

"Ukuta ulikuwa umeharibika?"

Salumu akasema, "Ulikuwa unabana, mheshimiwa."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Nikaulizwa nina la kusema kuhusu kuwa na nyumba mbili. Nikasema, "Mheshimiwa, ya Kibondo ni ya kazi. Nikiugua nikiacha kazi, siku hiyohiyo naondoka. Watoto wangu hawana baba. Wana hii."

Nikakaa.

Hakimu akasema hawezi kuamua kuta bila kuziona. Tukatoka wote, mahakama nzima, tukaenda kwa miguu mpaka nyumbani. Washauri wakaingia, wakatazama dari, wakapitisha vidole kwenye ufa.

Mshauri mmoja, mzee, akamwona Mama Zuhura amekaa uani. Akamwuliza, "Mama, ninyi mliingiaje humu?"

Salumu akataka kujibu. Mzee akamnyamazisha kwa mkono.

Mama Zuhura akasimama. "Huyu mama ndiye alitufungulia. Alituonyesha kila chumba, na ule ukuta ulikuwepo. Nilimwambia mume wangu tumwulize kwanza kabla ya kubomoa."

Salumu alimtazama mkewe, akainamisha kichwa.

Hukumu ikatoka. Nyumba ni yangu. Salumu arudishe ukuta na mbao zilizoungua, achukue matofali ya tanuri lake, ahame masika yakiisha. Na mpaka hapo, mimi wala ndugu zangu tusimbughudhi.

Hayo ya mwisho yalimuuma Filbert kuliko mimi. Mimi niliyaona ni haki.

Ukuta Salumu aliujenga kwa mikono yake, nami nikiwa nimesimama. Alinyoosha kamba vizuri tu. Alipomaliza aliniita niugonge kwa ngumi nione kama umeshika. Kisha akapata kiwanja chini ya soko, akajenga tanuri lake huko, na mkate wake nimeununua miaka mingi.

Siku wanahama nilimwuliza Mama Zuhura kwa nini alisema kweli, maana ilimgharimu kwa mumewe.

Akanijibu, "Shemeji yako alipokuwa juu ya paa, ungeweza kunyamaza. Ningelala wapi na mtoto?"

Wakuu, hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Bati moja tu lingetoka siku ile, nisingepata huyo shahidi. Ningekuwa na nyumba isiyo na paa, na kesi shingoni. Mpangaji akikukosea sheria iko upande wako, lakini ukimtoa kwa mabavu unaivusha sheria mwenyewe kwenda upande wake. Mpe notisi. Nenda serikali ya mtaa, nenda baraza la ardhi na nyumba, omba amri. Ni polepole na inachosha, najua. Ila ukitoka huko umetoka na kitu ambacho hakuna wa kukipinga.

Siku ya kukabidhi ita shahidi, pigeni picha kila chumba, mkataba uandikwe. Na muandike wazi kipi mpangaji anaweza kurekebisha mwenyewe na kipi lazima akuulize. Akijenga chochote, mkubaliane kabla tofali la kwanza halijawekwa kitakuwa cha nani. Halafu itembelee nyumba yako, kwa taarifa na kwa heshima, maana yeye ndiye anayeishi humo. Kodi kufika kwa wakati si habari ya nyumba, ni habari ya kodi tu.

Nyumba ipo mpaka leo na ina wapangaji. Mwezi uliopita mmoja wao, mwalimu kijana, alinipigia simu.

"Bibi, naomba ruhusa nipigilie msumari ukutani, nitundike saa."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye akawa anauliza, "Bibi, nimekosea?"

Nikamwambia, "Hujakosea, mwanangu. Piga, lakini piga taratibu."

Haya, uwanja ni wenu. Wenye nyumba semeni, na wapangaji msikae kimya, maana najua kuna wenye nyumba waliowatesa. Wanasheria mkiona nimekosea mahali, nirekebisheni bila kunionea haya. Nasoma zote.