Miwani Mpya na Bendera ya Mlangoni

Mwenzenu macho yangu hayatofautishi nyekundu na kijani. Kwenye shamba letu la maua Naivasha, bendera nyekundu kwenye mlango wa banda la waridi inamaanisha ndani wanapiga dawa ya wadudu, kijani, ingia. Miaka sita nimekuwa nikimuuliza Mama Achieng', tunayekata naye waridi, "Leo tunaingia?" kama mtu wa kupiga stori tu.

Juzi nilivaa miwani niliyouziwa eti inaponya macho haya. Sikumuuliza mtu. Niliingia nikipiga mluzi, nikakuta watu wa maski wakinyunyiza dawa.

Supavaiza alinivuta nje. "Hiyo bendera ni rangi gani?"

Nikarekebisha miwani. "Kijani, boss."

Mama Achieng', aliyekuwa akingoja nje na wengine, akanishika mkono. "Kumbe ndio maana unaniulizanga kila asubuhi? Kesho uniulize tu."